Uzi maalumu: Mieleka ya Japani kuanzia Rikidozan hadi Okada (na pambano la Idi Amin lililozimwa na JWTZ)

Mzee wa Kona #1

Wakuu, salaam.

Kuna mdau aliuliza kwa nini pigo la goti la mwanamieleka Shinsuke Nakamura kule WWE, kampuni ya mieleka ya Marekani, linaitwa Kinshasa, akaambulia vichekesho tu. Nimeona nifungue uzi kabisa, maana jibu lake linaanzia Tokyo, linapita Kinshasa, na njiani linachungulia Kampala. Ni mrefu. Asiye na bando apite kimyakimya.

Huwezi kuielewa mieleka ya Japani bila kuijua Japani ya baada ya vita. Nchi imeangushiwa mabomu mawili ya atomiki, imesalimu amri Agosti 1945, na mpaka Aprili 1952 wenye nchi ni wanajeshi wa Marekani. Mwanaume wa Tokyo anamwona askari wa Kimarekani mtaani, mrefu, kashiba, sigara mfukoni, naye hana la kumfanya. Sasa, mwaka 1954, anatokea jamaa mmoja mwenye suruali nyeusi ya kubana, anapanda ulingoni na kuwachapa Wazungu wenye miraba minne kwa ubavu wa kiganja mpaka wanaomba poo. Nchi nzima ilisimama.

Huyo ndiye Rikidozan. Alikuwa mcheza sumo aliyefika sekiwake, ngazi ya tatu kutoka juu. Mwaka 1950 akagombana na wakubwa zake, akakata kishungi chake kwa mkono wake mwenyewe na kuondoka. Mwaka uliofuata Wamarekani wakaja Tokyo kufanya maonyesho ya mieleka, akajifunza kwao, akaenda Hawaii na Marekani bara kujinoa, na 1953 akaanzisha chama chake, JWA.

Tarehe ya kushika ni 19 Februari 1954, ukumbi wa Kuramae Kokugikan. Rikidozan na bingwa wa judo Masahiko Kimura, dhidi ya ndugu wawili, Ben na Mike Sharpe. Televisheni nchini humo ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ianze, na bei ya seti mtu wa kawaida haiwezi. Kampuni ya NTV ilikuwa imetundika seti kwenye viwanja vya wazi, na pale mbele ya stesheni ya treni ya Shimbashi maelfu ya watu walisimama wakitazama kioo kidogo ambacho wa nyuma hata hawakioni vizuri. Wapo wanaosema mieleka ndiyo iliyouza televisheni Japani. Mimi naona zote mbili zilibebana.

Sasa sikilizeni. Ndugu Sharpe, waliouzwa kwa umma kama Wamarekani, walikuwa Wakanada. Na Rikidozan, shujaa aliyewafuta Wajapani machozi, alizaliwa Korea, sehemu ambayo leo ni Korea Kaskazini, na jina lake ni Kim Sin-rak. Korea ilikuwa koloni la Japani na Mkorea pale Tokyo alidharauliwa waziwazi. Hadithi rasmi ikasema jamaa ni mtoto wa Nagasaki. Aliitunza siri hiyo mbele ya mashabiki mpaka anakufa.

Kwa hiyo msingi wa mchezo huu ni mtu aliyekuwa anaigiza nje ya ulingo kuliko ndani.

Chalii wa Ngarenaro #2

Mkuu umeandika vizuri ila si maigizo tu hayo? Mshindi anapangwa. Sioni tofauti na kina Undertaker tuliokuwa tunawalipia kwenye vibanda vya video.

Mjukuu wa Kagera #3

Mimi nimekuja kwa sababu ya JWTZ kwenye kichwa cha habari. Fika huko mzee, Nagasaki tutarudi.

Mzee wa Kona #4

Mjukuu, vuta subira, tunakuja.

Chalii, ndiyo, mshindi anapangwa. Ukienda kusikiliza taarabu humuulizi mwimbaji kama kweli kanyang'anywa mume. Ila tofauti ipo, na ndiyo sababu ya uzi huu. Shabiki wa Kijapani hashughuliki sana na nani kashinda kihalali. Anataka kujua huyu mtu anavumilia kiasi gani. Pigo limepangwa, lakini pigo ni pigo, kifua kinavimba kweli. Magazeti ya michezo kama Tokyo Sports huandika mieleka kama yanavyoandika besiboli, wanamieleka wanahojiwa wakiwa wametapakaa jasho kwenye korido, na mtu akipoteza analia kweli.

Tena mpaka kati ya kupangwa na kutopangwa kule umevukwa mara nyingi kuliko mnavyodhani. 22 Desemba mwaka uleule wa 1954, Rikidozan na Kimura, wale wenzi wa Februari, walipambana wao kwa wao. Makubaliano yalikuwa wamalize sare. Katikati ya pambano Rikidozan akabadilika, akaanza kumpiga mwenzake kikwelikweli, viganja na mateke, mpaka Kimura akalala chini damu ikimtoka. Huyu Kimura si mtu wa mchezo: mwaka 1951 alimvunja mkono Hélio Gracie kule Rio, na ile kabali ya mkono mnayoisikia kwenye UFC, yale mapigano ya ngumi, mateke na kabali, inaitwa Kimura kwa sababu yake. Aliishi na aibu ya usiku ule maisha yake yote.

Rikidozan naye hakuzeeka. Wahuni wa yakuza walikuwa karibu mno na biashara hii tangu siku za mwanzo, kwenye maandalizi na hata kwenye uongozi. 8 Desemba 1963, kwenye klabu ya usiku ya New Latin Quarter, Akasaka, aligombana na kijana wa yakuza karibu na choo, akachomwa kisu tumboni. Akafa tarehe 15, ana miaka 39. Mei ya mwaka huohuo pambano lake na Mmarekani mwenye barakoa, The Destroyer, lilitazamwa na asilimia 64 ya nyumba zenye televisheni.

Mzee wa Kona #5

Haya, Mjukuu, kaa vizuri.

Rikidozan aliacha wanafunzi wawili walioanza siku moja, 30 Septemba 1960. Mmoja ni Shohei Baba, mrefu wa sentimita 209, aliyekuwa mrusha mpira wa timu ya besiboli ya Yomiuri Giants. Ndiye Giant Baba. Mwingine ni Kanji Inoki, kijana ambaye familia yake ilihamia Brazili kulima kahawa, Rikidozan akamwokota São Paulo akamrudisha nyumbani. Ndiye Antonio Inoki. Baba alishinda siku ile ya kwanza, Inoki akapigwa. Nadhani Inoki hakulisahau hilo hata siku moja.

Mwishoni mwa 1971 JWA ikamfukuza Inoki kwa madai ya kupanga mapinduzi. Januari 1972 akaanzisha New Japan. Oktoba mwaka huohuo Baba naye akatoka na kuanzisha All Japan, akiwa na NTV mgongoni. JWA ikafa 1973. Kuanzia hapo mashabiki wakagawanyika nyumba mbili, kama mnavyozijua nyumba mbili.

Baba alikuwa na mikataba mizuri na mapromota wa Marekani, akaleta majina makubwa. Mmoja wao aliitwa Abdullah the Butcher, akitangazwa kuwa ni mtu wa Sudan, kofia iliyochongoka, viatu vilivyopinda ncha, na uma mfukoni wa kuchoma watu. Desemba 1977 aliuchimba mkono wa Terry Funk kwa uma mbele ya Kuramae nzima. Wakuu, yule Msudani ni mzaliwa wa Windsor, Kanada. Arabuni hakuna kitu pale.

Inoki alinyimwa majina hayo, akaja na wazo la kichaa: kuthibitisha kwamba mieleka ni mchezo wenye nguvu kuliko yote, kwa kupambana na mabingwa wa michezo mingine. Ndipo akamfuata Muhammad Ali.

26 Juni 1976, Nippon Budokan. Kambi ya Ali ilibana sheria mpaka Inoki akabaki karibu hana silaha: hakuna kubwaga, hakuna kabali za maana. Akafanya alichobakiwa nacho. Kengele ikilia anajitupa chini, analala chali, anampiga Ali mateke ya miguu. Raundi 15 zote hivyo. Ali alirusha ngumi za kuhesabika. Matokeo sare, watu wakazomea na kudai hela zao. Magazeti yaliiita aibu ya karne. Lakini miguu ya Ali ilivimba ikaganda damu, akalazimika kutibiwa. Leo wapenzi wa UFC wanaliita pambano lile babu wa mchezo wao. Mimi nimelitazama lote na nawaambia ukweli: linachosha kuliko foleni ya benki mwisho wa mwezi. Ila hakuna aliyekuwa anaigiza.

Na hapa ndipo Kinshasa inapoingia. Oktoba 1974, Ali alipompiga Foreman kule Zaire, uwanja mzima ulikuwa ukiimba "Ali, boma ye", yaani Ali, muue. Kelele hizo zikatungiwa wimbo kwenye filamu ya maisha ya Ali ya 1977, na wimbo ukamfikia Inoki kama zawadi kutoka kwa mpinzani wake. Ukabadilishwa jina likawa lake, Inoki Bom-Ba-Ye, na kwa zaidi ya miaka arobaini kila Inoki alipotokea, popote, Wajapani waliimba maneno ya Kilingala bila kujua Lingala ni nini. Nakamura, mwanafunzi wa nyumba ya Inoki, akaliita goti lake Boma Ye. Alipohamia WWE mwaka 2016 wakambadilishia jina, likawa Kinshasa. Ndilo jibu.

Sasa JWTZ. Baada ya Ali, promota mmoja wa Kijapani aliyezoea vituko, Yoshio Ko, alipiga hesabu: nani mwingine duniani ni mkubwa, anatisha, na amewahi kupanda ulingoni? Idi Amin, bingwa wa zamani wa ngumi Uganda. Januari 1979 ikatangazwa Tokyo kwamba Inoki atapigana na Rais wa Uganda, Juni, Kampala, na refa ni Muhammad Ali. Sio utani. Mnakumbuka Amin huyohuyo, vita vilipoanza kumwelemea, alitaka amalizane na Mwalimu ulingoni, refa akiwa Ali. Mtu alikuwa na refa wake tayari.

Tatizo ni kwamba wakati Tokyo inatangaza pambano, vijana wetu walikuwa tayari wanasonga mbele. 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka, Amin akakimbia, pambano likafa.

Mjukuu wa Kagera #6

Kwa hiyo babu zangu ndio walioharibu shoo 😂😂 Nimesoma Vita vya Kagera miaka yote, hili sijawahi kukutana nalo. Angekuja Inoki nadhani Amin angejipa ushindi kwa amri ya Rais.

Binti Tandika #7

Mzee wa Kona shikamoo. Naona wanaume tu mpaka sasa. Nimesikia Japani wanawake walikuwa wanajaza kumbi tangu zamani, kweli au stori?

Mzee wa Kona #8

Marahaba binti yangu. Kweli kabisa, na kwangu mimi ndiyo sehemu tamu kuliko zote.

Kampuni ya All Japan Women, kwa kifupi Zenjo, ilianzishwa 1968 na ndugu wa ukoo wa Matsunaga. Mwanzoni wateja walikuwa wanaume waliokuja kuchungulia. Mwaka 1976 wakaunganishwa Jackie Sato na Maki Ueda, wakaitwa Beauty Pair, wakawa wanapigana kisha wanaimba ulingoni, na ghafla ukumbi ukajaa wasichana wa shule. Miaka ya 80 wakaja Crush Gals, Chigusa Nagayo na Lioness Asuka, ikawa wazimu. Msichana wa miaka 14 alimwona Chigusa kama mtu anayepigwa, anaanguka, anainuka kwa niaba yake.

Adui wao alikuwa Dump Matsumoto, mama mnene mwenye rangi usoni, minyororo na fimbo ya kendo. Agosti 1985, Osaka, akapambana na Chigusa kwa masharti kwamba anayepoteza ananyolewa. Chigusa akapoteza. Alikalishwa kwenye kiti katikati ya ulingo, damu usoni, mashine ikapita kichwani. Tafuteni video, msiangalie ulingo, angalieni watazamaji: mabinti wanalia kwa kwikwi kama wamefiwa.

Maisha ya ndani yalikuwa magumu. Pombe marufuku, sigara marufuku, mwanaume marufuku, na ukifika miaka 25 unaonyeshwa mlango. Kampuni ilivuna ujana wao na kutafuta wengine. Zenjo ikafa 2005, na walioiua si washindani. Wenye kampuni waliingiza hela kwenye biashara zisizowahusu zikawazamisha.

Mtu wa kumtazama hapo ni Aja Kong. Baba yake alikuwa askari Mmarekani mweusi, mama Mjapani, na utotoni alionewa sana kwa rangi yake. Zenjo wakamfanya jitu baya, naye akalikumbatia, akawa anaingia na debe. Ndiyo, debe hilihili la bati la lita 18, anawapiga nalo watu kichwani. Novemba 1992 akamvua Bull Nakano mkanda wa dunia, akawa juu ya wote.

Siku hizi kampuni kubwa ya wanawake ni Stardom, iliyoanzishwa 2010. Humo alikuwemo Hana Kimura, binti wa miaka 22 aliyejiua Mei 2020 baada ya kushambuliwa mitandaoni kwa sababu ya kipindi cha televisheni alichoshiriki. Kifo chake kilisukuma Japani kuongeza adhabu ya matusi mwaka 2022, hadi kifungo cha mwaka mmoja. Nalitaja kwa sababu kuna watu humu hawajui kuchuja maneno.

Chalii wa Ngarenaro #9

Haya mzee nimelainika. Ila hilo la uvumilivu ulilosema, si ndilo linalowaua? Nilisoma kuna mmoja alifia ulingoni.

Mzee wa Kona #10

Mitsuharu Misawa. Umegusa penyewe.

Lazima ujue wanavyofinyangwa. Kijana akipokelewa New Japan anahamia bwenini kwao, Noge, pembezoni mwa Tokyo. Anaamka anafagia, anapika chanko, ule mchuzi mzito wa nyama na mboga waliourithi kutoka sumo, anawabebea wakubwa mabegi na kuwafulia. Squat mia tano si adhabu, ni asubuhi ya kawaida. Akianza kupigana anavaa chupi nyeusi na buti nyeusi, hana jina la mbwembwe, haruhusiwi mapigo ya kupendeza. Atapigwa miezi na miezi na watu waleule. Akikomaa anatumwa nje, Mexico, Marekani au Uingereza, na anarudi mtu mwingine. Kazuchika Okada aliondoka kinda, Januari 2012 akarudi na nywele za dhahabu, watu wakamcheka. Mwezi uliofuata akamvua Hiroshi Tanahashi mkanda. Kicheko kikaisha.

Na hadhira ni ya aina yake. Korakuen Hall, ukumbi mdogo wa ghorofa ya tano ambao ndio msikiti wa mieleka, unaweza kukaa kimya ukasikia buti likikwaruza turubai. Wanamsoma mtu. Halafu mtu akinyanyuka kwenye kipigo ambacho hakustahili kunyanyuka, wanalipuka. Na wakifurahi wanaonyesha: 1991 Chono alipomshinda Mutoh kwenye fainali ya kwanza ya G1, mashindano ya New Japan ya kila mwaka, mito ya kukalia iliruka ukumbi mzima.

Misawa alizaliwa na hadhira hiyo. Juni 1990 alimshinda Jumbo Tsuruta pale Budokan, usiku mmoja akageuka mfalme wa All Japan. Yeye, Kawada, Kobashi na Taue waliitwa nguzo nne, na kwa maoni yangu hakuna miaka kumi ya mieleka popote duniani inayofikia ile yao. Tazameni Misawa na Kawada, 3 Juni 1994. Walikuwa marafiki wa shule, na unaona kabisa Kawada anapigana na mtu aliyemtangulia tangu utotoni.

Lakini kila mwaka hadhira ilitaka zaidi ya mwaka jana. Kumwangusha mtu kwa mgongo hakukutosha, wakaanza kuangushana kwa shingo, kisha kwa shingo kutoka juu ya kamba. Baba akafa Januari 1999. Mwaka 2000 Misawa akaondoka na karibu wanamieleka wote wa Kijapani wa kampuni, akaanzisha NOAH, akawa mwajiri huku mwili umekwisha. Kampuni ilimhitaji kwenye bango, hakupumzika. 13 Juni 2009, Hiroshima, akabebwa na kuangushwa kinyumenyume, pigo alilolipokea mara elfu. Safari hii hakuinuka. Miaka 46.

Sisi watazamaji tumo. Sisemi zaidi.

Binti Tandika #11

Na wale wa seng'enge na baruti? Kaka yangu ananionyesha video zao.

Mzee wa Kona #12

Hao ni FMW ya Atsushi Onita. Alikuwa amestaafu kwa goti bovu, mwaka 1989 akaanzisha kampuni na, kwa maelezo yake, yeni 50,000 mfukoni. Hana televisheni, hana majina, akazungushia ulingo seng'enge zenye baruti. Ukigusa inalipuka. Alikuwa analia kila baada ya pambano, na watu walimpenda kwa hilo. Baadaye akawa mbunge, kama Inoki aliyemtangulia 1989. Inoki alitumia ubunge kwenda Iraki 1990 kuwatoa Wajapani walioshikiliwa na Saddam, na Aprili 1995 akapeleka mieleka Pyongyang, akapigana na Ric Flair mbele ya umati mkubwa kuliko wote kwenye historia ya mchezo. Wengi wao hawakununua tiketi kwa hiari, hilo tukubaliane.

Ila Inoki huyohuyo karibu aiue New Japan. Miaka ya 2000 alilazimisha wanamieleka wake wakapigane kweli na wapiganaji halisi. Yuji Nagata, bingwa wa watu, alipelekwa kwa Mirko Cro Cop 31 Desemba 2001, akalambwa teke la kichwa, sekunde 21, kwisha. Usiku ule shoo ilibeba jina la wimbo wa Kinshasa. Mashabiki wakakimbia. Mwaka 2005 Inoki akauza hisa zake kwa kampuni ya kutengeneza michezo ya video, na 2012 New Japan ikanunuliwa na Bushiroad, watengenezaji wa karata za watoto kuchezea. Aliyeiokoa ulingoni ni Tanahashi, aliyekuwa akizomewa kwa nywele zake na gitaa la kuigiza hewani, akaendelea kutabasamu mji baada ya mji mpaka kumbi zikajaa tena.

Mjukuu wa Kagera #13

Mzee nianzie wapi? Bando langu halitoshi miaka sabini.

Mzee wa Kona #14

Anza na Okada na Kenny Omega, 4 Januari 2017, Tokyo Dome, dakika 46. Ukilala, mieleka si yako. Usipolala, nenda Misawa na Kawada ya 1994, halafu Chigusa na Dump. Ali na Inoki iache mpaka siku ya mgomo wa daladala.

Shoo kubwa ya mwaka ya New Japan ni kila tarehe 4 Januari hapo Tokyo Dome, tangu 1992. Tokyo wako mbele yetu saa sita, kwa hiyo jioni yao ni mchana wetu, huhitaji kukesha. Maelezo ya Kiingereza yapo kwenye huduma yao ya mtandaoni, ila nawashauri mzime, msikilize mtangazaji wa Kijapani anavyopasua koo.

Chalii, ukimaliza ile ya Omega njoo hapa useme tena ni maigizo tu.